Sholes, muzee wa mashini iliyoandika paka herufi kubwa

Wababa na wamama wa machimbo, juzi hapa Butembo tulipeleka kwa ofisi moja liste ya wachimbaji wetu na gramu za kila mutu. Wakaturudishia karatasi. Pahali pa gramu 25 paliandikwa alama mbili ambazo hakuna mutu aliweza kuzisoma: é(. Kijana aliyetuandikia alisahau kufinya kitufe cha Maj. Kwenye klavye yetu ya Kifaransa, namba zinakaa juu ya kitufe na hizo alama zinakaa chini. Usipofinya Maj, namba haitoki. Njo maana leo tunaleta maisha ya mutu ambaye bila mashini yake hicho kitufe hakingekuwako.

Christopher Latham Sholes alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka wa 1819. Tangu ujana alijifunza kazi ya kuchapa magazeti, kiisha akaenda Wisconsin, akawa mwenye gazeti katika muji wa Kenosha, tena mubunge. Alipigana sana ili serikali ya kule iache kunyonga watu, na mwaka wa 1853 sheria hiyo ikafutwa. Sisi wa sendika tunamuheshimu kwa hilo, hata kama wanasimuliaka kwamba alianza kutafuta mashini za kupanga herufi kisha wafanyakazi wake kugoma. Hiyo tunamusamehe nusu.

Huko Milwaukee, yeye na Samuel Soule walitengeneza mashini ya kupiga namba kwenye kurasa. Carlos Glidden akaiona, akauliza kwa nini isiandike na maneno. Wote watatu walipata hati ya mashini ya kuandika mwaka wa 1868. James Densmore akaingia na makuta yake, na kila mara alirudisha mashini: hii bado, tengeneza ingine. Mwaka wa 1873 waliipeleka kwa Remington, kiwanda cha bunduki ambacho vita ilikuwa imeisha na kilitafuta kazi ingine.

Mashini hiyo iliandika herufi kubwa peke yake. Barua yote ilikuwa sawa mutu anayepiga kelele. Kuongeza herufi ndogo kulikuwa na shida: je, kila herufi iwe na vitufe viwili? Kampuni ingine, ya Caligraph, baadaye ilifanya vile, na klavye yao ikawa na vitufe 72. Ni pori!

Kwa Remington walipata njia ingine. Byron Brooks aliwaza kuweka herufi mbili juu ya chuma kimoja, kubwa na ndogo. Lucien Crandall naye alileta namna ya kusogeza gari linaloshika karatasi. Ukifinya kitufe, gari linasogea, na chuma kilekile kinapiga ile herufi ya pili. Kwa Kiingereza kitufe kikaitwa kwa neno la kusogea. Wafaransa wao wakakiita kwa jina la herufi kubwa. Mashini hiyo, Remington ya pili, ilitoka mwaka wa 1878. Ile ya kwanza haikuuzwa sana. Hii njo ilifungua soko. Leo ndani ya ordinatere hakuna gari wala chuma, lakini kidole kinafanya kazi ileile: kufinya na kushikilia, kufinya ya pili, kiisha kuachilia yote.

Na Sholes? Yeye alikuwa amekwisha kuuza haki yake, wanasema kwa dola 12 000, mara moja tu. Densmore alikataa kuuza vile, akaomba asilimia kwa kila mashini, na akapata mali nyingi kumupita mbali. Mutu aliyechoka na mwenye watoto kumi anauzaka haraka. Hata sisi, wangapi wameuza dhahabu ya Manguredjipa siku ileile waliyoitoa, juu ya mufuko wa unga na minerval ya mutoto?

Kifua kikuu, ugonjwa tunaoujua vizuri katika mashimo, kilimulaza miaka mingi. Hata kitandani aliendelea kutengeneza mashini zingine. Alikufa Milwaukee tarehe 17 Februari 1890.

Liste yetu iliandikwa upya jioni ileile. Tulilipa mara ya pili, na mara hii tulisimama nyuma ya kijana, macho kwenye kidole chake cha kushoto.