Hans Cory: Mzungu aliyeandika sheria za mababu, akafa kabla hazijatangazwa

Ukipanda milima ya Upare kutoka Same utakutana na ndiva, yale mabwawa ya asili ya kukusanyia maji ya mifereji. Nani afungulie maji leo, nani asubiri kesho, asiyetokea kwenye kazi ya kusafisha mfereji atozwe nini: Wapare waliyapanga yote bila kitabu. Sheria ilikaa vichwani mwa wazee.

Tanganyika karibu yote ilikuwa hivyo. Aliyehangaika kuliko wengi kuitoa sheria hiyo vichwani na kuiweka kwenye karatasi alikuwa Hans Cory.

Wanafunzi wa sheria wanamjua. Mtaani je? Mjane anayegombania shamba na shemeji zake huenda hajawahi kulisikia jina lake, wakati kanuni anazosomewa mahakamani zimeanzia kwenye mafaili ya mtu huyo.

Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1888, akiitwa Hans Koritschoner. Kwao sheria ilikuwa kitu cha kabatini. Kitabu cha sheria za kiraia cha Austria, cha mwaka 1811, kilichota sana kwenye sheria ya Kirumi, ile iliyokusanywa kwa Kilatini kwa amri ya Mfalme Justinian. Mwanasheria wake Tribonian na wenzake walipitia maandishi ya wanasheria wa zamani, wakayachuja na kutoa Digesta mwaka 533, vitabu 50. Hadi leo kuna watu Ulaya wanaosaka matoleo ya kale ya vitabu hivyo na kuyalipia pesa ndefu.

Cory naye alikuwa mkusanyaji, ila vitabu vyake vilikuwa watu.

Kabla ya kuajiriwa serikalini alikuwa mtu wa mashamba ya mkonge. Mwaka 1936, bado akitumia jina la Koritschoner, alichapisha makala kuhusu ngoma ya shetani. Baadaye alikusanya vinyago vya udongo vilivyotumika kufundishia vijana jandoni na unyagoni, akavitolea kitabu mwaka 1956. Michoro ya ukutani ya wacheza nyoka nayo aliiandikia kitabu. Kwa kifupi, kilichofichwa ndicho kilichomvuta.

Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimfanya mtaalamu wake wa mila. Mwaka 1945, pamoja na Hartnoll, alitoa kitabu cha sheria za Wahaya. Mwaka 1953 ikaja ya Wasukuma. Aliketi na wazee na mahakimu wa mabaraza, akauliza kanuni moja moja: mahari, talaka, watoto, mirathi, ardhi ya ukoo. Walichokubaliana kikapewa namba.

Hapo ndipo penye utata. Mzee akiamua shauri chini ya mti anaweza kumwonea huruma mjane, au akakumbuka kwamba marehemu alimpenda sana binti yake. Kanuni yenye namba haina kumbukumbu hizo. Halafu waliokuwa wakiulizwa walikuwa zaidi wanaume wazee, na mwanamume mzee akiulizwa mke arithi nini, jibu lake unaweza kulikisia. Justinian naye alipomaliza kitabu chake alipiga marufuku watu kukiandikia ufafanuzi. Sheria ikishaandikwa, mwenye kitabu hapendi ibishaniwe.

Baada ya Uhuru, Desemba 1961, serikali mpya haikumtupa. Ilitaka kuunganisha sheria za mila za makabila ya Kibantu yanayofuata ukoo wa baba, na Cory ndiye aliyekuwa na mafaili. Akaingia kazini, umri ukiwa zaidi ya miaka 70. Alifariki mwaka 1962, kazi haijaisha.

Mwaka 1963 ikatoka kama amri za serikali. Tangazo Na. 436 la mwaka huo liliwapanga warithi kwa madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza, kisha wana wengine, mabinti mwisho. Mjane hakupewa fungu kama mume ameacha ndugu. Fungu lake lilihesabiwa kuwa ni kutunzwa na watoto wake.

Vita ikahamia mahakamani. Mwaka 1990, Mwanza, Jaji James Mwalusanya alimpa ushindi mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, akisema ubaguzi huo unapingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ikabatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Lakini kanuni za mirathi za 1963 zilibaki vitabuni. Wajane wawili waliofukuzwa na ndugu za waume zao walizipinga Mahakama Kuu bila mafanikio, wakaenda hadi Umoja wa Mataifa. Mwaka 2015 kamati ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao, ikaitaka ibadilishe kanuni hizo.

Karatasi za Cory zenyewe zipo Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mkusanyo wenye jina lake. Nyingi zimepigwa kwa taipureta. Kule Upare zamu za ndiva zimeendelea kupangwa kwa mdomo.