Edwin Armstrong, mvumbuzi wa FM aliyepigana na makelele ya redio

Mtu anayefungua FM huko Goma, Bukavu ao Bunia anasikia sauti safi hata wakati mvua ya radi inanyesha. Usafi huo ni kazi ya Edwin Howard Armstrong, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1954 kabla kesi zake juu ya FM kumalizika.

Alizaliwa New York tarehe 18 Desemba 1890. Mwaka wa 1912, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Columbia, alivumbua njia ya kuongezea nguvu mawimbi dhaifu ya redio. Mwaka wa 1918, akiwa mwanajeshi huko Paris, alitunga mfumo mpya wa kupokea mawimbi, ambao baadaye ulienea katika redio za dunia nzima.

Adui mmoja alibaki: makelele. Katika redio za AM, sauti inabebwa na kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi. Radi nayo inagusa nguvu hiyohiyo, na redio inashindwa kuvitenganisha. Dawa ya wahandisi ilikuwa chujio jembamba: makelele yanapungua, lakini sauti nayo inakatwa, maneno yanakuwa mazito na muziki unapoteza utamu. Wanaosikiliza masafa mafupi wangali na uchaguzi huo hadi leo.

Armstrong alifanya kinyume: alipanua njia ya wimbi. Katika FM, sauti inabebwa na mabadiliko ya kasi ya mtetemo. Ndani ya redio, sehemu moja inasawazisha nguvu ya wimbi, makelele mengi yanakatwa hapo na sauti inabaki. Alipewa hati za uvumbuzi huo tarehe 26 Desemba 1933, na mwaka wa 1935 akawaonyesha wahandisi wenzake.

Rafiki yake David Sarnoff, mkuu wa kampuni ya RCA, ndiye aliyekuwa ametamani kifaa cha kuondoa makelele. Lakini RCA ilikuwa na faida kubwa katika AM na ilitaka kujenga televisheni. Mwaka wa 1945 serikali ya Marekani ilihamishia FM kwenye masafa mengine, na redio za FM zilizokwisha kuuzwa zikakosa kazi. Mwaka wa 1948 Armstrong alishtaki RCA kwa kutumia uvumbuzi wake bila kumlipa. Kesi hiyo ilimaliza mali yake na kuvuruga ndoa yake. Tarehe 31 Januari 1954 alijitoa uhai, akiwa na umri wa miaka 63.

Mjane wake Marion, aliyewahi kuwa sekretari wa Sarnoff, aliendeleza mapambano. RCA ilikubali kulipa karibu dola milioni 1 mwaka huohuo. Kesi ya mwisho, dhidi ya Motorola, aliishinda mwaka wa 1967.