Babu Chiri, Msherpa aliyekesha kwenye kilele cha Everest

Jina Babu lisituchanganye: huyu tunayemkumbuka alifariki akiwa na miaka 35 tu. Babu Chiri alizaliwa mwaka 1965 huko Taksindu, kijiji cha Washerpa katika milima ya Nepal. Utotoni mwake hapakuwa na shule kijijini. Alipokua akaingia kazi ya kuwasaidia wapandaji wa kigeni, kazi ambayo kwa kawaida sifa humwendea mteja, si mpagazi.

Yeye alijipatia sifa zake. Mei 1999 alipiga hema juu kabisa ya Everest, zaidi ya mita 8,800, akakaa humo saa 21 bila mtungi wa oksijeni. Wengi hukaa pale kwa muda mfupi tu, kisha huteremka haraka, maana hewa ni nyembamba mno na anayepitiwa na usingizi huenda asiamke. Mwaka uliofuata alipanda kutoka kambi ya chini hadi kileleni kwa muda usiofika saa 17.

Kwa umaarufu huo alichangisha fedha za kujenga shule Taksindu. Mwenyewe alikuwa na mabinti sita.

Tarehe 29 Aprili 2001, akiwa amekwisha kufika kileleni mara 10, alitoka kupiga picha karibu na kambi ya pili, akatumbukia kwenye ufa wa barafu.