Mavazi ya Thomas Becket

Ifikapo tarehe 29 Desemba, siku ya nne baada ya Noeli, Kanisa la Uingereza humkumbuka Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyeuawa ndani ya kanisa lake kuu mwaka 1170. Wasomaji wetu wengi wanajua jinsi alivyokufa. Safari hii twapenda kusimulia maisha yake kwa njia ya nguo zake, maana watu waliomjua waliandika mengi juu ya nguo hizo. Katika Uingereza ya siku zile mtu alitambulikana kwa vazi lake. Ukimtazama tu ulijua kama ni mkulima au bwana, padre wa kawaida au mtawa mwenye nadhiri.

Thomas alizaliwa London, katika mtaa wa Cheapside, karibu na mwaka 1120. Wazazi wake, Gilbert na Matilda, walikuwa watu wa asili ya Normandi. Yasimuliwa kwamba mama yake alikuwa akimweka mtoto kwenye mizani, na upande wa pili akiweka mkate, nyama, nguo na fedha mpaka uzito ulingane, kisha vyote hivyo akiwapa maskini. Kijana alisoma Merton na London, halafu Paris, kisha akaingia katika utumishi wa Askofu Mkuu Theobald. Mwaka 1155 Mfalme Henry wa Pili alimfanya Chansela, mtunza muhuri wake.

Hapo ndipo hariri ilipoingia. Mwaka 1158 Chansela alitumwa Paris kumposea mwana wa mfalme binti wa Mfalme wa Ufaransa, naye alichukua nguo za kubadili 24, karibu zote za kugawa huko ugenini ili watu waone utajiri wa bwana wake. Karani wake, William FitzStephen, ndiye aliyeandika hesabu hiyo. Ndiye pia aliyeandika habari ya siku moja ya baridi kali huko London. Mfalme na Chansela walikuwa wamepanda farasi, wakamwona mzee maskini aliyevaa matambara. Mfalme akauliza kama haingekuwa tendo jema kumpa mzee huyo joho zito. Thomas akakubali, akasema kazi hiyo yamfaa mfalme. Mara mfalme akalishika joho jipya la Thomas, jekundu, lenye manyoya ya kijivu, akaanza kulivuta. Wakang'ang'aniana mpaka wote wawili wakawa karibu kuanguka. Mwishowe Thomas akaliachia, na mzee akaenda zake na joho.

Watumishi walicheka sana, na sisi pia twacheka tusomapo. Lakini mtu aliyekuwa tayari kuwagawia wakuu wa Paris nguo 24, hapa alishikilia moja kwa mikono miwili mbele ya maskini mmoja.

Theobald alipofariki mwaka 1161, mfalme alitaka rafiki yake akalie kiti cha Canterbury. Thomas alipewa upadre tarehe 2 Juni 1162, na kesho yake akawekwa wakfu kuwa Askofu Mkuu. Tarehe 10 Agosti aliipokea pallio, ule utepe wa sufu ya kondoo ambao Papa huwapelekea maaskofu wakuu, naye alikwenda kuipokea bila viatu.

Sasa ugumu ulikuwa huu. Kanisa kuu la Canterbury lilihudumiwa na watawa wa Mtakatifu Benedikto, na Askofu Mkuu alihesabiwa kuwa baba yao. Kanuni ya Benedikto ilimpa mtawa kanzu mbili na majoho mawili yenye kofia, apate kubadili usiku na kufua, tena ilimkataza kunung'unika juu ya rangi au ukwaru wa kitambaa. Watu walioishi hivyo waliletewa baba ambaye hakuwa mtawa, tena aliyetoka katika anasa za mfalme. Walinung'unika, nasi hatuwezi kuwalaumu sana. Thomas aliacha fahari za zamani, akawaosha miguu maskini 13 kila siku faraghani, lakini wengi wa watawa hawakuamini kwamba moyo umebadilika.

Ugomvi wake na mfalme twautaja kwa ufupi. Mfalme alitaka makasisi waliofanya makosa ya jinai waadhibiwe na serikali kama watu wengine. Thomas alikataa. Kwetu leo hoja ya mfalme haionekani mbaya, lakini Thomas aliona kwamba mfalme akipewa mlango huo atalishika Kanisa lote. Baada ya kuhukumiwa huko Northampton, Oktoba 1164, alitoroka usiku. Alisafiri akiwa amevaa vazi duni la ndugu wa utawa, na tarehe 2 Novemba alivuka bahari. Hata hivyo vazi halikumficha vema. Huko ng'ambo walikutana na vijana, mmoja amebeba mwewe wa kuwindia, na Thomas akamtazama ndege yule kwa jicho la mjuzi hata wakashuku kuwa ndiye Askofu Mkuu.

Alikaa uhamishoni miaka sita, kwanza katika nyumba ya watawa ya Pontigny, ambako Papa alimpelekea vazi la kitawa la sufu nzito. Akarudi nyumbani tarehe 1 Desemba 1170. Siku 28 baadaye mashujaa wanne wa mfalme wakamwua jioni, wakati wa sala. Mtumishi wake wa chumbani, Osbert, alikata kipande cha nguo yake mwenyewe akakifunga kichwa kilichopasuliwa.

Kesho yake watawa waliogopa adui wasije wakauchukua mwili, wakaharakisha maziko. Walipomvua walikuta nguo juu ya nguo: joho la nje, kanzu nyeupe, mavazi ya manyoya ya kondoo. Kumbe ule unene wake ulikuwa wa nguo tu. Chini ya hayo wakaona vazi jeusi la Mtakatifu Benedikto, vazi lao wenyewe. Na chini kabisa, juu ya ngozi, nguo ya singa za mbuzi iliyofika magotini, imejaa chawa. Watawa wakalia. Mtu waliyemhesabu kuwa si wao alikuwa amevaa kama wao kwa siri.

Chawa si utakatifu, nasi hatupendi mtu ye yote aige jambo hilo. Lakini twaona uzito wa ile siri. Kama angeionyesha nguo yake nyeusi, manung'uniko yangalikoma mapema, naye hakuionyesha.

Walimzika na mavazi ya uaskofu juu ya singa zile zile. Joho la nje na vazi la manyoya, vyote vimelowa damu, waliwapa maskini ili wamwombee marehemu. Mtawa Benedict, aliyeandika habari hizo, aliona baadaye kwamba walifanya haraka mno, maana muda si muda watu walikuwa wakitafuta hata uzi wa nguo zake.

Thomas alitangazwa mtakatifu mwaka 1173. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Julai, Mfalme Henry alikuja Canterbury kutubu. Aliingia mjini kwa miguu mitupu, amevaa nguo ya kawaida ya sufu, akapigwa fimbo na maaskofu na watawa kaburini pa yule aliyemvua joho njiani London. Mwaka 1538 Henry wa Nane aliliharibu kaburi hilo. Huko Sens, Ufaransa, alikokaa baada ya Pontigny, kanisa kuu linatunza mavazi ya ibada ambayo kwa mapokeo ya kale ni ya Thomas.