Mama wa mahindi ya madoa: Barbara McClintock

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alileta kalasini hindi moja kutoka shamba la kambo yake, njia ya Kasenga. Punje zingine zilikuwa nyeupe, zingine nyekundu, na zingine zilikuwa na madoa-madoa kama manyoya ya kanga. Tulibishana sana: wengine walisema ni ugonjwa, wengine ni jua. Mwalimu wa biolojia alitutuma tutafute maisha ya mama mmoja wa Marekani. Tulitafuta, na tuliyopata ni haya.

Barbara McClintock alizaliwa tarehe 16 Juni 1902 ku mji wa Hartford. Baba yake alikuwa munganga. Alipomaliza sekondari katika mwaka 1919, alitaka kuingia universite. Mama yake alikataa, kwa kuogopa kwamba binti aliyesoma mingi hatapata bwana. (Wasichana wa kalasi yetu waliposikia maneno haya walitazamana tu, maana wanayajua.) Ni baba aliyerudi kutoka kazi ya jeshi ndiye alimuruhusu. Basi akaingia Cornell, akajifunza kilimo na mimea, na mwaka 1927 akawa doktere. Bwana hakuwa naye hata siku moja, na hatukusoma popote kwamba alisikitika.

Kazi yake yote ilikuwa mahindi, chakula kilekile tunachopikia bukari. Kwa mikroskopi alitambua kromozomu 10 za mahindi moja-moja, na mwaka 1931, yeye na Harriet Creighton, walionyesha kwamba kromozomu hubadilishana vipande. Lakini kazi ya kudumu kwa mwanamuke haikupatikana upesi. Mwishoni mwa 1941 alifika Cold Spring Harbor, karibu na New York, na pale alibaki. Alipanda mahindi yake mwenyewe, akayatazama mumea kwa mumea tangu kuota mpaka kuvunwa.

Sasa tufike ku madoa. Watu wote waliamini kwamba jeni zimekaa mahali pao katika kromozomu kama shanga katika uzi. Yeye aliona kuna kipande kinachohama. Kikiingia ndani ya jeni ya rangi, jeni inaharibika, punje inatoka bila rangi. Kikitoka tena wakati punje iko inakomaa, seli ile na watoto wake wanapata rangi: njo lile doa. Kikitoka mapema doa linakuwa kubwa, kikichelewa linakuwa kadogo tu. Aliona pia vipande vya namna mbili. Kimoja, alichokiita Ac, kinajihamisha chenyewe. Kingine, Ds, hakiwezi kuhama kama Ac haiko katika seli ileile.

Mwaka 1951 alieleza hayo mbele ya wataalamu, na wengi hawakumufuata. Alikuwa mutu wa heshima, alikwisha kuwa mukubwa wa chama cha wataalamu wa jeni katika 1945, lakini hata vile hawakumusadiki. Toka 1953 akaacha karibu kabisa kuandika juu ya jambo hili. Kazi hakuiacha.

Miaka ya 1960 na 1970 wengine walikuta vipande vinavyohama ndani ya bakteria, kisha mahali pengi. Ndipo ikajulikana nani anavihamisha: ni enzimu, jina lake transpozazi. Ac ina maagizo ya kuitengeneza. Ku kila ncha ya kipande kuna herufi 11 za ADN, na za ncha moja ziko karibu sawa na za ncha ingine zikigeuzwa. Enzimu inashika ncha hizo, inazikutanisha, na katika mufuko wake wenye madini ya manyezi inakata. Kisha inakata mahali papya na kukishonea kipande pale, na herufi 8 za mahali pale zinabaki zikiandikwa mara mbili, pande zote mbili, kama alama ya mguu. Ds imepoteza maagizo lakini ncha inazo, kwa hiyo inabebwa na enzimu ya Ac, kama mutu asiye na motokari lakini jirani anamupakia.

Leo inajulikana kwamba zaidi ya 80 kwa mia ya ADN ya mahindi ni vipande vya jamaa hizi, na kwetu sisi watu ni karibu nusu. Tena enzimu inayopanga jeni za damu yetu ili kupigana na magonjwa, yenyewe inatoka ku ukoo wa transpozazi za zamani.

Mwaka 1983 alipewa zawadi ya Nobel ya uganga, peke yake, akiwa na miaka 81. Simu nyumbani hakuwa nayo; habari aliisikia ku radio. Alikufa tarehe 2 Septemba 1992.

Punje za kambo tumezipanda nyuma ya kalasi. Jamani, musizichome.