Luhn: Mvumbuzi aliyeweka mlinzi katika nambari za kadi

HANS Peter Luhn alifariki mwaka wa 1964, wakati kadi za benki zilikuwa bado kitu kigeni kwa watu wengi duniani. Hata hivyo, mtu anapoandika nambari ya kadi yake leo ili kulipia bidhaa kwenye intaneti, hesabu aliyoibuni Mjerumani huyo hufanywa mara nyingi kabla hata ya benki kuulizwa iwapo akaunti ina pesa.

Luhn alizaliwa Julai 1, 1896 mjini Barmen, Ujerumani, mji ambao sasa ni sehemu ya Wuppertal. Babake alikuwa mpiga chapa, naye kijana akaenda Uswisi kujifunza kazi hiyo ili aje kuirithi. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilivuruga mpango huo na akajipata katika jeshi la Ujerumani, upande wa mawasiliano. Amani iliporejea aligeukia biashara ya nguo, na mwaka wa 1924 akahamia Marekani.

Huko ndiko kipaji chake kilipochomoza. Alibuni kifaa cha kuhesabu nyuzi katika kitambaa, akabuni koti la mvua la kukunjika, akabuni hata mwongozo wa kumsaidia mwenyeji kujua ni vinywaji gani anavyoweza kuwachanganyia wageni kwa chupa alizo nazo. Kufikia kifo chake alikuwa na hataza zaidi ya 80, yaani hati za kulinda uvumbuzi. Mwaka wa 1941 aliajiriwa na kampuni ya IBM.

Enzi hizo makarani walinakili nambari kwa mkono au walisomeana kwa simu. Makosa yalikuwa ya kawaida: ama tarakimu moja imeandikwa visivyo, ama mbili zilizo jirani zimepishana, 47 ikawa 74. Kosa dogo la namna hiyo lingeweza kupeleka deni la mtu kwa jirani yake, na ni wachache waliogundua mapema.

Januari 6, 1954 Luhn aliomba hataza ya kifaa cha magurudumu, kidogo cha kushikwa mkononi, cha kuhakiki nambari. Alipewa hati nambari 2,950,048 mnamo Agosti 23, 1960. Kifaa chenyewe kimesahaulika. Kilichodumu ni hesabu iliyokuwa ndani yake.

Hesabu hiyo haimshindi mwanafunzi wa shule ya msingi. Chukua nambari 4726. Ukianzia kulia, zidisha kwa mbili tarakimu ya kwanza, ruka ya pili, zidisha ya tatu, ruka ya nne. Jibu likizidi tisa, jumlisha tarakimu zake mbili. Kwa hivyo 6 inakuwa 12, yaani 3, 2 inabaki, 7 inakuwa 14, yaani 5, na 4 inabaki. Jumla ni 14. Ili kufika 20 inahitajika 6, basi 6 hiyo inaongezwa mwishoni na nambari kamili inakuwa 47266. Karani akiandika 74266, jumla inakuwa 26, ambayo haigawanyiki kwa kumi, na kosa linajifichua lenyewe.

Kwa nini kuzidisha, na si kujumlisha tu? Kwa sababu 4 na 7 zikijumlishwa hutoa 11 hata zikipishana. Kuzidisha moja na kuiacha nyingine ndiko kunakoipa kila nafasi uzito wake. Kila kosa la tarakimu moja hunaswa, na karibu kila kosa la tarakimu jirani kupishana. Linaloponyoka ni lile la 0 na 9: 09 ikiandikwa 90, hesabu haioni tofauti.

Nambari za kadi zimejengwa juu ya msingi huo, iwe kadi ya mkopo au ile inayotoa pesa moja kwa moja kwenye akaunti. Tarakimu za mwanzo hutambulisha mtandao na benki: 4 ni Visa, huku za Mastercard zikianza kwa 5 au 2. Kitambulisho cha benki kilikuwa tarakimu sita hadi kanuni za kimataifa zilipobadilishwa mwaka wa 2017 na kuifanya nane. Zinazofuata ni za mwenye kadi, na ya mwisho kabisa ndiyo mlinzi wa Luhn.

Mlinzi huyo hufanya kazi pia katika simu za mkononi. Bonyeza *#06# na nambari 15 za utambulisho wa simu zitatokea. Ya mwisho imepatikana kwa hesabu hiyohiyo. Nambari ya kupigia, kinyume chake, haina mlinzi. Anayetuma pesa kwa simu na kukosea tarakimu moja anaweza kumtumia mtu asiyemjua kabisa, ndiyo maana inafaa kusoma jina la mpokeaji kabla ya kukubali.

Kuna wanaodhani kwamba nambari ikipita mtihani wa Luhn basi kadi ni halali. Sivyo. Nambari moja kati ya kila kumi zilizobuniwa ovyo hupita, na mwizi anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa kalamu. Luhn alikusudia kunasa makosa ya watu waaminifu. Kazi ya kuwazuia walaghai ni ya nambari ya siri, tarehe ya mwisho ya kadi na zile tarakimu tatu zilizo nyuma yake.

Fikra zake zilikwenda mbali zaidi ya hesabu hii. Mwaka wa 1958, katika mkutano wa kimataifa wa habari za kisayansi mjini Washington, alionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kufupisha makala na kuyapanga kwa maneno yake muhimu. Alistaafu IBM mwaka wa 1961. Alifariki Agosti 19, 1964 akiwa na umri wa miaka 68, akiwa rais wa chama cha Marekani cha wataalamu wa nyaraka.