Bwana Kelvin na Siri ya Waya Uliovutwa

Wenzangu wengi katika Chama cha Kiswahili mwaka huu wamechagua kuandika juu ya viongozi na washairi. Mimi nimeamua kukuletea maisha ya mtu ambaye wengi wetu humkuta tu katika kitabu cha Fizikia, pale penye herufi K ya kupimia joto. Najua utauliza, huyu naye anatuhusu nini sisi watu wa Kamenu? Subiri kidogo. Kwanza nikupe kisa cha nyumbani, kisha utaona mwenyewe.

Baba yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa hapa Kamenu. Mwaka juzi alipewa kazi ya kutengeneza stendi ya tangi la maji la lita 5,000 katika ploti moja. Aliifanya kwa siku nne, anglaini safi, rangi ya kijani, na kila aliyepita aliisifu. Basi mvua ya masika ikaja. Ardhi ya upande mmoja ikatitia kidogo tu, kiasi ambacho hakuna jicho lililokiona. Usiku mmoja tukasikia kishindo. Kulipopambazuka tulikuta mguu mmoja wa stendi umejikunja, tangi limepasuka na maji yametapakaa mpaka barabarani. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia, manake watoto hucheza pale chini kila jioni. Baba alilipa tangi lile kwa miezi mingi na jina lake likaingia doa. Lakini kilichomuuma zaidi si pesa. Alikuwa akisema kwamba laiti chuma kingemwambia mapema kuwa kimelemewa, angekwenda kukiongezea nguvu kabla ya maafa.

Maneno hayo niliyapeleka kwa mwalimu wetu wa Fizikia. Akatabasamu, akaniambia kuwa chuma husema, ila husema kwa sauti ndogo sana, na kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuisikia sauti hiyo aliitwa William Thomson. Nikaanza kumsaka katika vitabu. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kuuliza si ujinga.

William Thomson alizaliwa tarehe 26 Juni 1824 mjini Belfast, Ireland. Mama yake alifariki mwaka 1830, mtoto akiwa na miaka sita tu hivi. Baba yake, James Thomson, alikuwa mtoto wa mkulima aliyejisomesha kwa taabu hadi akawa mwalimu wa hisabati. Baba huyo aliwalea wanawe na kuwafundisha mwenyewe nyumbani. Mwaka 1832 baba alipata kazi ya uprofesa katika chuo kikuu cha Glasgow, Uskoti, na familia ikahamia huko. Sasa sikiliza ajabu: William aliingia chuo kikuu hicho mwaka 1834 akiwa na umri wa miaka 10! Umri ambao wengi wetu tulikuwa bado tunabebeshwa mkoba na kufungwa viatu.

Mwaka 1841 alikwenda Cambridge, na mwaka 1845 akatoka nambari ya pili katika mtihani mkuu wa hisabati. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22, alifanywa profesa wa Fizikia huko Glasgow. Baba yake alikuwa amehangaika sana ili mwanawe aipate nafasi hiyo, na alifurahi mno. Lakini hakuishi kuyaona matunda yote, kwani mwaka 1849 aliaga dunia kwa maradhi ya kipindupindu. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini kidogo, nikamfikiria baba yangu.

Profesa huyo kijana hakutaka wanafunzi wake wakariri tu. Aliwatafutia mahali pa kufanyia majaribio kwa mikono yao, na mahali penyewe palikuwa chumba cha chini kilichokuwa stoo ya kuwekea divai! Sisi tunaolalamika kuwa maabara yetu ni ndogo, tusikie hapo. Mwaka 1848 alipendekeza kipimo cha joto kinachoanzia kwenye baridi kali isiyoweza kuzidi, nyuzi 273 hivi chini ya sufuri ya selsiasi, ndiyo ile K yetu.

Sasa tuingie katika siri yenyewe. Mwaka 1856 Thomson alieleza mbele ya chama cha wanasayansi cha London majaribio yake juu ya umeme na metali. Alikuwa amechukua nyaya za shaba na za chuma, akazivuta kwa kuzitundikia mizigo, huku akipima ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita. Akakuta kwamba waya ukivutwa, ukinzani wake huongezeka. Tena ule wa chuma ulibadilika zaidi kuliko wa shaba.

Sababu mojawapo si ngumu. Waya ukivutwa hurefuka na kuwa mwembamba. Fikiria barabara ya Thika kabla upanuzi wake haujakamilika mwaka 2012: njia ndefu na nyembamba, magari yanabanana. Umeme nao ni hivyo hivyo. Ila mabadiliko yenyewe ni madogo ajabu. Ukichukua chuma cha pua chenye unene wa milimita 10 kwa 10, ukakitundikia mzigo wa tani moja, kila mita moja itarefuka nusu milimita tu. Jicho halioni, lakini umeme unaona.

Miaka 82 ilipita kabla mafundi hawajaigeuza siri hiyo kuwa chombo. Mwaka 1938, huko Marekani, watu wawili waliifikia shabaha moja kila mtu peke yake: Edward Simmons kule California na Arthur Ruge kule Massachusetts. Na huyu Ruge, msomaji wangu, unajua alikuwa akichunguza nini? Matangi ya maji yaliyoinuliwa juu! Alitaka kujua tetemeko la ardhi huyafanya nini, kwa kutumia mifano midogo. Akabandika waya mwembamba sana kwa gundi, na chuma kiliponyumbuka, waya nao ukanyumbuka pamoja nacho, na ukinzani ukabadilika. Nilipolisoma hilo nilikimbia kumwambia baba, hata chai sikumaliza.

Kifaa hicho mafundi hukiita streni geji. Siku hizi si waya tena, ni karatasi nyembamba ya metali iliyokatwa kwa kwenda na kurudi, ndogo kuliko stempu. Nyingi huwa na ukinzani wa omu 120 au 350. Katika ule mfano wangu wa mzigo wa tani moja, geji ya omu 120 ingepanda hadi omu 120.12 hivi. Tofauti ndogo kama hiyo hupimwa kwa daraja la Wheatstone, lile tunalochora darasani. Lakini tahadhari: jua nalo hubadilisha ukinzani. Kwa hivyo mafundi huweka geji nyingine kwenye kipande cha chuma hicho hicho kisichobeba mzigo, pahali penye joto lile lile, ili joto la huku lifute joto la kule.

Ukitaka kuona kazi yake si lazima upande ndege. Mizani za kisasa za kupimia malori, kama wanayopitia madereva pale Juja, huwa na vipande vya chuma vilivyobandikwa geji hizo. Lori likikanyaga, chuma chanyumbuka kidogo, umeme wabadilika, tani zaandikwa. Dereva aliyezidisha mzigo hana pa kujificha.

Turudi kwa Thomson. Usidhani mambo yake yalinyooka kama rula. Mwaka 1858 alishiriki kulaza waya wa simu chini ya bahari ya Atlantiki kutoka Ireland hadi Amerika. Baada ya wiki chache waya ukafa, manake mtaalamu mwenzake aliutia umeme wenye nguvu kupita kiasi. Mwaka 1865 wakajaribu tena, waya ukakatika ukazama. Mwaka 1866 wakarudi na wakafaulu, na Thomson akatunukiwa cheo cha Sir. Nyaya kama hizo zilifika mpaka kwetu: Zanzibar mwaka 1879, na kutoka huko hadi Mombasa mwaka 1890.

Mwaka 1892 alipewa cheo cha Lodi, akachagua jina Kelvin, ambalo ni jina la mto unaopita karibu na chuo chake. Nasi tunajua hayo, kwani mji wetu nao umechukua jina la mto. Alifundisha Glasgow miaka 53, hadi 1899.

Lakini mtu huyo mkubwa pia alikosea. Alikadiria kuwa dunia ina umri wa miaka kati ya milioni 20 na milioni 400, akabishana sana na waliosema ni zaidi. Leo twajua ni zaidi ya bilioni 4.5. Hesabu yake ilikuwa safi. Kilichomponza ni yaliyokuwa chini ya ardhi ambayo hakuyaona, sawa na baba yangu na ile ardhi iliyotitia. Sisemi hivi kumtetea baba. Nasema tu kwamba ujuzi haumzuii mtu kukosea.

Bwana Kelvin alifariki tarehe 17 Desemba 1907, akazikwa London katika kanisa la Westminster, karibu na kaburi la Isaac Newton.

Na baba je? Streni geji hana, na chombo cha kuisomea ni ghali. Lakini alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mengi kuliko mwalimu. Sasa kila stendi anaifungia vyuma vya kukingama, anaijengea msingi wa zege chini ya kila mguu, na mvua ikinyesha anarudi na pima maji kutazama kama imeinama. Mwezi uliopita alipata kazi ya tangi jingine, hatua chache kutoka pale lilipoanguka la kwanza. Mwenye ploti alisitasita sana kabla ya kumkubali. Mimi ndiye niliyeshika timazi siku hiyo, na mkono ulinitetemeka.

Shime wanachama wenzangu, Fizikia si ya Kiingereza peke yake. Iulizeni kwa Kiswahili, nayo itawajibu. Kalamu yangu naiweka chini hapo. Wasalaamu.